Mapigo 64: namna moyo wa farasi unaamua nani anaendelea na nani anabakia

Farasi anaingia kwenye kituo na jasho limemujaa kuanzia shingoni mupaka miguuni. Ametembea na kukimbia karibu kilometa 58 tangu asubuhi, na zingine 100 ziko bado mbele. Mwenye kumupanda anashuka, analegeza mukanda wa tandiko, na wasaidizi wawili wanakuja mbio na ndoo za maji. Kwa wakati ule hakuna mutu anauliza nani amefika wa kwanza. Wote wanatazama saa. Tangu farasi ameingia, kitu kimoja kinangojewa: moyo wake utashuka mupaka mapigo mangapi, na utatumia dakika ngapi.

Fasi hiyo inaitwa Robinson Flat, katika milima ya California, Marekani. Njo kituo cha kwanza kikubwa cha ukaguzi katika mashindano ya Tevis Cup, ambayo farasi na mwenye kumupanda wanapita kilometa 160 ndani ya masaa 24, toka karibu na ziwa Tahoe mupaka muji wa Auburn. Wanaondoka saa kumi na moja na robo ya asubuhi, na mwenye hajafika kesho yake saa ile ile, hahesabiwe. Mashindano yalianza mwaka wa 1955, wakati Wendell Robie, mutu wa Auburn, alitaka kuonyesha kwamba farasi wa siku zile bado anaweza kupita njia ya milima kwa siku moja. Leo, katika miaka mingi, karibu nusu tu ya wenye kuanza njo wanafika. Wengine hawashindwe na njia. Wanatoshwa na munganga wa wanyama.

Hii inashangaza watu wenye kuzoea mashindano mengine. Katika mupira, mwamuzi anatosha muchezaji mwenye kukosa kanuni. Katika mbio za baiskeli, mutu anajitosha yeye mwenyewe akichoka. Huku kwa farasi, mutu mwenye kuwa na nguvu zake zote, mwenye hajakosa kanuni yoyote, anaweza kuambiwa ashuke na arudie nyumbani kwa sababu moyo wa mwenzake haujashuka. Na mwenzake hana kinywa cha kujitetea. Farasi hawezi kusema tumbo linauma ao muguu unachoma. Tena iko mnyama mwenye tabia ya kuendelea wakati wenzake wanaendelea, hata kama mwili umeisha. Njo maana watu walitafuta kitu ndani ya mwili wake chenye hakiwezi kuwadanganya sana.

Kanuni yenyewe

Kanuni ni fupi. Katika mashindano ya kimataifa, yenye kusimamiwa na FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, njia yote inagawanywa katika mizunguko, na hakuna muzunguko unapita kilometa 40. Kisha kila muzunguko wenye si wa mwisho, farasi anapaswa kuletwa mbele ya wanganga na mapigo ya moyo yasiyopita 64 kwa dakika, ndani ya dakika 15 tangu aingie. Wanganga wanaweza kushusha ile namba siku ya joto kali. Farasi mwenye amekutwa na mapigo mengi anaweza kurudishwa mara ya pili, kama ile dakika 15 haijaisha. Kama imeisha, mashindano yake yameisha pia.

Kwenye mashindano ya Marekani kanuni zinatofautiana kidogo. Mara nyingi wanatoa dakika 30, na munganga mukubwa wa siku ile njo anasema mapigo yatakuwa 60 ao 64, kufuatana na joto na njia. Lakini wazo ni lile lile.

Sasa, kuko jambo moja lenye kufanya kanuni hii kuwa na meno. Kwenye vituo vya katikati, saa ya mashindano haisimame wakati farasi anaingia. Inasimama wakati moyo umeshuka na farasi amekubaliwa. Kisha hapo tu njo wakati wa mapumziko unaanza kuhesabiwa, dakika 40 ao zaidi, na kila mutu anatoka tena kwa saa yake. Kwa hiyo farasi mwenye aliingia wa kwanza na akatumia dakika 13 kushuka, atatoka nyuma ya farasi mwenye aliingia dakika 5 nyuma yake na akatumia dakika 2. Kukimbia sana mupaka mulangoni hakumusaidie mutu kitu. Wenye uzoefu wanajua: kilometa ya mwisho mbele ya kituo wanaenda polepole, wengine wanashuka na kutembea kando ya farasi wakiwa wamelegeza mukanda. Moyo unaanza kushuka wakiwa bado njiani. Hiyo si udanganyifu. Njo kitu kanuni inataka.

Juu ya nini moyo?

Farasi mukubwa akiwa amesimama kwa utulivu, moyo wake unapiga mara 28 mupaka 44 kwa dakika. Ni polepole kuliko moyo wa mutu. Lakini ni moyo mukubwa: uzito wake ni karibu asilimia 1 ya uzito wa mwili, ni kusema kilo 4 ao 5, na kila pigo linasukuma karibu lita moja ya damu. Akikimbia kwa nguvu zake zote, mapigo yanafika 220 mupaka 240. Zaidi ya hiyo, wengu wake, ambayo ni sawa ghala ya damu, inajikaza na kumwaga chembe nyekundu ndani ya mishipa, na damu inakuwa nzito kuliko mbele. Wanyama wachache wanaweza kubadilika hivyo ndani ya dakika moja.

Katika mashindano ya mwendo mrefu farasi hafiki kule juu sana. Kwa mbio ndogo mapigo yake yanazunguka 120 mupaka 150. Akisimama, kushuka kunakuja kwa hatua mbili, na hapa njo siri ya ukaguzi wote.

Hatua ya kwanza ni ya haraka. Kazi imesimama, misuli haiombi tena hewa nyingi, na mishipa ya fahamu yenye kufanya kazi ya breki inaushika moyo. Ndani ya dakika moja ao mbili, mapigo yanaweza kutoka 140 na kufika karibu na 80. Karibu kila farasi mwenye mazoezi anafanya hivyo, hata mwenye hali mbaya kidogo.

Hatua ya pili ni ya polepole, kutoka kule karibu na 80 kushuka 64, 56, 48. Hapa moyo haujibu tena swali la "umekimbia namna gani?" Unajibu maswali mengine. Mwili bado una joto ndani? Maji yamepungua katika damu? Kuko maumivu fasi fulani? Misuli imeanza kuharibika? Tumbo limesimama? Kila moja ya mambo hayo inaushikilia moyo juu. Farasi mwenye kuwa na joto kali anahitaji kusukuma damu mingi kwenye ngozi ili joto litoke. Farasi mwenye amepoteza maji ana damu kidogo ya kusukuma, kwa hiyo moyo unapiga mara mingi ili kufikisha kiasi kile kile. Mwenye kuwa na maumivu, mwili wake unabakia katika hali ya vita. Dakika 15 ziliwekwa ili hatua ya kwanza iwe imepita kabisa na hatua ya pili njo ionekane.

Mutu anaweza kujaribu hatua zile kwa mwili wake. Apandishe mulima na fuko ya viazi mugongoni, asimame juu, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mukono. Dakika ya kwanza mapigo yanaanguka kama jiwe. Kisha yanaanza kusitasita. Siku ya jua kali, ao siku hajakunywa maji tangu asubuhi, atakaa pale muda murefu mbele ya kurudia kawaida, hata kama mulima ni ule ule na fuko ni ile ile.

Kuhesabu si kazi ya kubahatisha

Munganga anasimama upande wa kushoto wa farasi na anaweka kifaa cha kusikilizia nyuma kidogo ya kiwiko cha muguu wa mbele, pale mukanda wa tandiko unapita. Anasikia sauti mbili: moja nzito, moja fupi. Hizo mbili ni pigo moja. Mutu mwenye hajazoea anazihesabu kama mapigo mawili, na farasi mwenye mapigo 50 anageuka ghafula kuwa na 100. Kwa farasi wengine sauti zenye kusikika zinafika hata nne katika pigo moja, na hapo mujinga anapotea kabisa.

Wengi wanahesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Ni haraka, lakini kuko shida. Mapigo 16 katika sekunde 15 ni 64, farasi anapita. Mapigo 17 ni 68, farasi hapiti. Pigo moja tu, lenye pengine lilisikika pale saa ilipoanza ao halikusikika sababu mutu alipiga kelele nyuma, linaleta tofauti ya nne. Kwa hiyo farasi akiwa karibu na mupaka, wanahesabu dakika nzima. Siku hizi, zaidi katika inchi za Ghuba, wanatumia vifaa vya umeme vyenye kuonyesha namba kwenye skrini, na kila mutu anaisoma. Mabishano yamepungua. Lakini sikio la munganga linasikia kitu chenye namba haionyeshe: kama mapigo yanafuatana vizuri ao yanarukaruka.

Kurukaruka kwenyewe kuko kwa namna mbili. Farasi mwenye mazoezi mazuri, akiwa amepumzika kabisa, moyo wake unaweza kuacha pigo moja kisha kila mapigo machache, sawa mutu mwenye anapumua na kutulia. Hiyo ni kawaida, na inapotea akianza kutembea. Lakini moyo wenye kupiga bila mupango wowote, mara haraka mara polepole, kisha kazi kubwa, ni alama ya ugonjwa wa moyo, na farasi wa namna hiyo anasimamishwa hata kama namba ni 60.

Namba mbili kwa mustari mumoja

Kufika 64 ni kuingia mulangoni tu. Wanganga wengi wanafanya kipimo cha pili, chenye kuwa na akili sana, chenye wengi wanakiita kwa jina la Kerry Ridgway, munganga wa wanyama wa Marekani mwenye alikieneza. Kinafanywa hivi. Wanahesabu mapigo farasi akiwa amesimama na wanaandika. Kisha musaidizi anamukimbiza kwa mbio ndogo karibu metre 40 na kurudi, na saa inaanza kuhesabu pale farasi anapoanza kukimbia. Kwenda na kurudi kunakamata karibu nusu dakika. Anasimama. Dakika moja kamili ikifika, wanahesabu tena.

Farasi mwenye hali nzuri anarudia namba yake, ao chini yake: 60 kisha 56, ama 60 kisha 60. Kwenye kikaratasi cha mashindano zinaandikwa pamoja, moja juu ya ingine. Ikipanda kwa 4, munganga anainua macho. Ikipanda kwa 8 ao zaidi, 56 kisha 64 kwa mufano, anaanza kutafuta.

Juu ya nini mbio fupi hivi zionyeshe kitu chenye kilometa 58 hazikuonyesha? Ni sawa kumuomba mutu mwenye ametoka kushusha fuko aibebe tena mupaka mulangoni tu na kurudi. Mwenye amepona hataona kitu. Mwenye alikuwa anajikaza tu kwa kusimama, hapo atatoa pumzi. Ile 56 ya kwanza ilipatikana kwa maji ya baridi, kivuli na mikono sita ya wasaidizi. Mbio ndogo inatosha ile nguo na kuonyesha mwili. Tena inafanya kazi ya pili kwa wakati mumoja: munganga wa upande ule anatazama kama farasi anachechemea. Muguu wenye kuuma unapandisha moyo, na mara ingine namba inaonyesha mbele ya jicho kuona.

Kuko hatari ya kuamini sana kipimo hiki. Farasi wenzake wakiondoka wakati ule ule, mapigo yanapanda kwa hamu ya kuwafuata. Dume akisikia harufu ya jike, namba yote inaharibika. Farasi kijana, siku yake ya kwanza kati ya watu wengi na ngoma na magari, anaweza kuonyesha 72 akiwa hana ugonjwa wowote. Kwa hiyo munganga mwenye hekima hamutoshi farasi kwa CRI, namna wanakiita kwa ufupi, peke yake. Anangoja kidogo, anarudilia, kisha anasoma kikaratasi.

Kikaratasi njo kinasema ukweli zaidi. Farasi mwenye alitumia dakika 3 kushuka kwenye kituo cha kwanza, 4 cha pili, 9 cha tatu, na 14 cha ine, amepita fasi zote kulingana na kanuni. Hakuna namba moja yenye iko mbaya. Lakini ukizisoma zikifuatana, ni farasi mwenye anateremuka. Munganga mwenye anasoma mustari wa mwisho tu atamuachilia aende. Mwenye anasoma yote atamuita mwenye kumupanda kando.

Mikono mingine ya munganga

Moyo haukaguliwi peke yake. Munganga anafungua mudomo wa farasi, anabonyeza ufizi kwa kidole na kuachilia: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Anavuta ngozi ya shingo ili aone kama inarudi haraka. Anasikiliza tumbo katika fasi nne, juu na chini, kuume na kushoto. Tumbo la farasi linapaswa kunguruma. Kimya ni mubaya, sababu wakati damu inapelekwa kwenye misuli na ngozi, matumbo yanaachwa na njaa ya damu, na farasi mwenye matumbo yamesimama anaweza kufa kwa chango usiku ule ule. Wengi wa farasi wa hivyo walionekana na mapigo yenye kubakia kati ya 60 na 70, yakikataa kushuka zaidi, hata nusu saa kisha kazi.

Jasho la farasi ni sehemu kubwa ya hadithi. Anaweza kupoteza lita 10 mupaka 15 kwa saa moja ya kazi katika joto, na jasho lake lina chumvi mingi kuliko la mutu. Mutu akitoka jasho, damu yake inabakia na chumvi mingi kwa kulinganisha na maji, na kiu inamushika. Farasi anapoteza maji na chumvi pamoja, kwa hiyo kiu inaweza kukosa kuja wakati maji yameisha. Njo maana wasaidizi wanamupa chumvi kwa bomba kinywani na wanamubembeleza anywe kila fasi maji iko. Chumvi zikipungua sana kunatokea jambo la ajabu: kiwambo cha kupumulia kinaanza kuruka pamoja na kila pigo la moyo, na mutu anaweza kuhesabu mapigo kwa kutazama tu ubavu wa farasi ukicheza. Mwenye kuona vile anamusimamisha farasi hapohapo.

Kuko pia farasi mwenye anapumua mara mingi kuliko moyo unapiga, pumzi 90 kwa mapigo 60. Wapya wanaogopa. Mara nyingi ni namna yake ya kutosha joto, zaidi hewa ikiwa na unyevu na jasho halikauki. Munganga anapima joto la mwili: 39 ama 40 kisha kazi si ajabu, lakini likipita 41 hapo hakuna tena mazungumuzo ya mashindano.

Na ili kusiwe kosa la kufikiri: sababu ya kwanza ya kutosha farasi katika mashindano haya si moyo. Ni kuchechemea. Moyo na mambo ya ndani ya mwili yanakuja ya pili. Tofauti ni kwamba farasi mwenye kuchechemea anapumzika na mara nyingi anapona, na farasi mwenye mwili umeisha ndani anaweza kufa kesho yake.

Ndoo za maji

Zamani watu walikuwa wanaogopa kumwagia farasi mwenye joto maji ya baridi, walisema misuli itakaza na farasi ataanguka. Mbele ya michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka wa 1996, wanganga walipima jambo hilo sababu walijua joto na unyevu wa kule, na waliona kwamba maji ya baridi mwilini mwote yanashusha joto bila kuleta madhara yenye watu waliogopa. Tangu hapo ndoo na barafu vimekuwa sehemu ya kila kituo. Maji yanamwagwa, yanachota joto, yanaanguka, yanamwagwa tena. Shingo, kifua, na ndani ya mapaja, pale mishipa mikubwa iko karibu na ngozi.

Wasaidizi wazuri wanashusha moyo kwa dakika kadhaa mbele ya wakati wenye ungeshuka peke yake. Hapa njo mabishano ya kweli iko. Je, ile 64 ni ya farasi ao ni ya ndoo? Wengine wanasema kumupoza ni kumutunza, na farasi mwenye amepozwa amesaidiwa kweli. Wengine wanajibu kwamba kundi lenye pesa, lenye watu kumi na barafu ya gari zima, linamufikisha farasi mwenye kuchoka kwenye namba yenye farasi wa maskini hangefika. Wote wana sehemu ya ukweli, na kipimo cha mbio ndogo kiliingia hapo katikati kama mwamuzi. Maji hayawezi kukimbia metre 80 kwa fasi ya farasi.

Kule jangwani

Mabishano hayo yaliwaka zaidi katika inchi za Ghuba. Mashindano ya dunia ya mwaka wa 1998 yalifanywa Dubai, na tangu hapo mchezo umekuwa mukubwa sana kule. Njia ni tambarare, muchanga umesawazishwa, na mwendo wa washindi kwa kilometa 160 unapita 25 kwa saa kwa wastani. Kwenye milima ya California, mwenye kushinda anafika wakati wa usiku. Kwa mwendo wa jangwani mwili hauna nafasi ya kusahihisha kosa. Farasi anaweza kuwa na 62 kwenye kituo na kuvunjika mfupa kilometa kumi mbele. Moyo haukuwa na njia ya kusema juu ya mfupa.

Mwaka wa 2015, FEI ilisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya mashaka juu ya hali ya farasi na kutofuata kanuni. Lakini kule kule Abu Dhabi, kwenye kijiji cha Bouthib, walikuwa wamejaribu njia ingine: waliweka kikomo cha mwendo, kilometa 20 kwa saa, na walishusha mapigo mupaka 56. Mutu anaweza kusema 64 na 56 ni karibu sawa. Si sawa. Kushuka toka 64 kufika 56 ni sehemu ya polepole zaidi ya hatua ya pili, pale farasi mwenye joto ao maumivu anakwama. Mwenye kupanda akijua kwamba atangojewa kwa 56, anapunguza mwendo tangu kilometa ya kwanza.

Na wakati mwingine hata vituo havitoshi. Mwezi wa 9 mwaka wa 2018, kule Tryon, Marekani, mashindano ya dunia yalianza vibaya asubuhi, yakafupishwa, kisha yakasimamishwa kabisa siku ile ile sababu ya joto na unyevu. Farasi wengi walipelekwa kwa matibabu, na mumoja aliuawa kwa huruma nyuma ya hapo kwa sababu ya shida ya figo. Jasho lilikuwa linatoka lakini halikauki, na maji yenye hayakauki hayapozi sana mwili.

Kesho yake asubuhi

Kule Auburn, farasi mwenye kupita mustari wa mwisho usiku bado hajamaliza. Munganga anamungoja. Akikuta hawezi kuendelea, ni kusema hangeweza kupandwa tena na kuondoka, kilometa zote 160 hazihesabiwe na mwenye kumupanda hapati kifungo cha mukanda cha feza chenye wanapewa wote wenye kumaliza. Kuko watu walifika saa kumi ya asubuhi, wakakosa kwa sababu ya hatua chache za kuchechemea.

Tena kuko zawadi ya pili, Haggin Cup, na wengi wenye kujua mchezo wanaipenda sawasawa na ya kwanza, wengine kuiipita. Inapewa farasi mwenye hali nzuri kuliko wote kati ya kumi wa kwanza. Haitolewe usiku ule. Farasi wanalala, wanakula majani, wanakunywa. Asubuhi, wakati misuli imeshaganda na uchovu umetoka fasi ulikuwa umejificha, wanaletwa tena mumoja mumoja mbele ya wanganga. Kifaa kinawekwa nyuma ya kiwiko cha kushoto, namba inaandikwa. Kisha musaidizi anashika kamba na kuanza kukimbia, na farasi anamufuata.